Uzi Shingoni mwa Mpelelezi

Siku hizi siwezi kukaa mahali pamoja. Nikitoka shule natupa vitabu, nakunywa chai nikiwa nimesimama, na kabla hooyo, mama yangu, hajamaliza kuniuliza naenda wapi nimeshafika barabarani. Huko barabarani ndipo nami najiuliza naenda wapi. Mimi sijui, lakini miguu inajua. Inanipeleka hadi kwenye duka lililofungwa, inanisimamisha mbele ya kufuli, halafu inanirudisha nyumbani kwa njia ya mbali. Hooyo anasema nimekuwa kama ngamia aliyenyang'anywa mtoto wake. Nilitaka kumwambia kuwa ndivyo hasa, nikaona haya. Kwa hiyo naandika.

Duka lenyewe halikuwa kitu cha kutajwa. Chumba kimoja cha mabati upande wa soko, bucha kushoto, fundi viatu kulia. Ndani mlinuka mafuta ya taa na iliki. Mwenye duka alikuwa Mwarabu mzee, mwembamba, aliyevaa kikoi na koti la suti, na aliyekijua Kisomali kuliko mimi. Sote tulimwita adeer, kama tunavyomwita mwanamume yeyote wa rika la baba zetu. Aliuza sukari, majani ya chai, viberiti, betri za tochi, sindano. Na alikuwa na vitabu vya picha.

Vilikuja na malori kutoka Nairobi, kimoja kila mwezi barabara ikiwa nzuri. Vilikuwa vyembamba, karatasi yake duni, hadithi nzima imechorwa, na maneno ya kila mtu yameandikwa kwa Kiswahili ndani ya duara juu ya kichwa chake. Hadithi ilikuwa ya Mpelelezi. Ana kofia na koti refu hata juani, hana bunduki, anafuata nyayo za wezi wa ng'ombe kutoka mji hadi mji. Kila kitabu kinaisha akiwa taabuni. Mwezi mzima unamfikiria, kama mtu wa nyumbani kwenu aliyelazwa.

Adeer hakuviuza vitabu hivyo. Alivitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ya katani, juu ya benchi lililokuwa ukutani, na mtu yeyote aliyenunua chochote, hata sindano, alikuwa na haki ya kukaa pale na kusoma. Lakini kitabu kipya hakikutundikwa siku kilipofika. Kililala kwanza nyuma ya pazia, mahali alipolala adeer mwenyewe na kuswali. Sisi tunamwona tanboi, utingo wa lori, akikishusha, tunajazana mlangoni, na adeer anatutoa kwa mkono kama kuku.

"Kesho, watoto wangu. Mgeni apumzike kwanza."

Tuliamini anakisoma yeye kwanza, kwa raha zake. Kesho yake alitoka nacho, vidole vyake vina wino wa zambarau, ule wa kuandikia magunia, na hapo ndipo kamba iliposhushwa.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mimi. Nina aibu. Darasani mwalimu akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua, ulimi unakauka kama mkate wa juzi. Wageni wakija nyumbani napitia nyuma. Hata salamu ya msikitini naitoa kwa sauti ambayo nadhani malaika peke yao ndio wanaoisikia. Lakini wengi waliokuja kwenye lile benchi hawakujua kusoma Kiswahili, na siku moja kijana mrefu mwuza maji alinitupia kitabu mapajani.

"Wewe wa sekondari. Soma."

Nikasoma. Kiswahili nilikisoma kimoyomoyo, kisha nikayatamka yale maneno kwa Kisomali. Sijui ilikuwaje, lakini sikuwa mimi niliyesema. Alisema Mpelelezi. Wezi walisema kwa sauti nzito, mjane wa kijijini akasema kwa sauti ya nyanya yangu, na adeer nyuma ya mizani akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kikoi. Tangu siku hiyo benchi lile likawa mahali pekee duniani ambapo nilikuwa na ulimi. Mahali pekee. Ndiyo sababu ya kutotulia kwangu, na mtu akiniuliza kwa nini nalililia duka la mabati, jibu ni hilo.

Yule mwuza maji akawa rafiki yangu. Alinizidi umri kidogo. Kwao ni Tarbaj, upande wa Wajir. Baba yake ana ngamia huko, na yeye alikuja Garissa kwa ami yake, mwenye punda wawili wa kubeba madebe ya maji kutoka mtoni. Hajawahi kukanyaga shule, duksi tu, chuo cha Kurani. Na hakuna mtu aliyempenda Mpelelezi kama yeye. Aliwafunga punda kwenye nguzo ya duka, madebe yakivuja polepole, na wanawake walikuja kumsaka hadi mlangoni.

"Waryaa! Maji yangu yako wapi? Sufuria iko motoni kavu!"

"Hooyo, wallahi mtu ametupwa kisimani. Ngoja kidogo."

"Nani ametupwa?"

Na mama wa watu anaingia, anasimama kusikiliza, na sufuria inaungua.

Wa tatu wetu alikuwa mtoto wa mwenye bucha, ambaye tuko darasa moja. Huyo alijua kusoma vizuri kunizidi, ila hakuwa na subira. Kazi yake ilikuwa kupinga. Aliwahi kutupotezea mchana mzima kwa swali moja tu: Mpelelezi ni wa ukoo gani?

"Mtu hawezi kukosa reer," alisema. "Anatembea miji yote hiyo, halali hotelini, anapewa maziwa. Anapewa na nani kama hana watu?"

"Tazama shingoni," akajibu mwuza maji. "Watu wake ni hao wote wenye uzi."

Kwa sababu Mpelelezi alikuwa na uzi. Mstari mwembamba ulimzunguka shingo, mzuri, umepinda kama shingo inavyopinda. Wezi pia walikuwa nao. Na yule mjane. Hata mbwa alikuwa nao. Mbwa tulisema ni mnyororo. Hata bibi wa tangazo la sabuni kwenye jalada la nyuma alikuwa nao, na huyo tukasema anaiga tu. Mwuza maji akakata shauri kwamba wote ni ukoo mmoja, na kwamba ndiyo sababu Mpelelezi akiwakamata wezi hawaui, anawapeleka kwa wazee wakalipe. Maneno hayo yalikuwa na akili. Hata mtoto wa bucha hakuyapinga.

Wiki iliyofuata mwuza maji alikuja na uzi shingoni, wa ngozi ya mbuzi, mwembamba. Halafu mimi, wa cherehani ya hooyo. Halafu mtoto wa bucha, ambaye alisema ni wa dawa ya koo. Baada ya muda nikawa naona vijana ambao hata kitabu hawajakishika, wa mtaa wa Galbet huko, wana uzi shingoni na hawajui umetoka wapi.

Mambo ya vita hivi, vya wanajeshi na watu wa porini, sitayaandika sana. Hooyo ameniambia karatasi nayo ina masikio. Ila kila mtu anajua tunavyoishi: malori yanakuja kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma, king'ora cha kafyu kikilia jioni unaingia ndani hata kama uji uko nje, na kwenye njia ya mtoni kuna kizuizi, unasimama, unaonyesha kipande, unajibu. Siku moja mwuza maji alichelewa sana, na alipofika alisimama katikati ya duka akatuigizia, mara yeye afande, mara yeye mwenyewe.

"'Hii kamba ya nini?' Nikasema, 'Hii ya bicha, afande.' 'Picha gani?' Nikasema, 'Bicha ya mtu iko kisimani.' Wakaangaliana. 'Mtu gani yuko kisimani? Kisima kipi? Nani amemtupa?' Walaal, ndugu zangu, nikaona sasa hapa nikiongeza neno nimekwisha."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Walikuwa wamemkalisha juani mpaka alasiri, na kila kijana aliyepita na uzi siku ile walimkata uzi huo, kwa kisu, bila kuuliza zaidi. Walidhani ni kiapo cha watu wa porini. Alizungumza huku mkono wake ukienda shingoni, ukikuta pametupu, ukirudi.

Adeer alikuwa anapima sukari. "Kwani ule uzi," aliuliza polepole, "mliutoa wapi?"

"Kwa Mpelelezi, adeer. Si unauona?"

Akaweka upawa chini. Alitutazama mmoja mmoja kama anayetuona kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "La ilaha illallah," akaingia nyuma ya pazia na hakutoka mpaka tulipoondoka. Sikuelewa. Wangu hooyo aliukata kwa wembe usiku huohuo, hata kabla sijamweleza.

Haukupita muda mrefu, duka likafungwa. Sababu zake nimesikia nyingi. Wengine wanasema leseni haikurudishwa. Wengine wanasema aliambiwa sukari yake inafika porini kwa wasiotakiwa. Fundi viatu anasema mzee alichoka tu. Siku za mwisho aliuza vyote alivyokuwa navyo, wanawake wamejaa hadi barabarani, na karatasi za kufungia zikaisha. Tulikuwa mlangoni alipoinyooshea mkono kamba ya katani, akaondoa vibanio, akachana kitabu cha kwanza katikati na kusokota kikoba cha sukari.

Mwuza maji akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyaga mwiba.

"Msiniangalie hivyo," adeer akasema, naye hakutuangalia. "Sukari haibebwi kwa mkono."

Kesho yake alipanda msafara wa kwenda Nairobi, akavuka mto, na mlango una kufuli hadi leo.

Tulihangaika kama wendawazimu. Tulipita nyumba hadi nyumba kuomba vikoba. Mtoto wa bucha, ambaye aliapa hajali, ndiye aliyepiga hodi nyingi kuliko wote.

"Hooyo, salaam aleikum. Mna sukari iliyofungwa kwa mtu mwenye kofia?"

Wengine walikuwa wamekwisha washia moto. Wengine walitupa kurasa zenye sisimizi. Tulienda hadi Galbet kwa ukurasa mmoja ambao mwenyewe alikuwa amezibia dirisha, akakataa kuutoa kwa sababu ya vumbi, ila akaturuhusu tuusome tukiwa tumesimama nje. Mimi nilijaribu kusoma pale, chini ya dirisha la watu, na sauti haikuja. Nilitamka kama nasoma barua ya msiba. Mwuza maji akasema, "Siyo hivyo," kwa upole, akanishika bega, tukaondoka.

Benchi lilichukuliwa na bucha. Sasa wanakaa wanunuzi wa nyama.

Kitu kibaya zaidi ni kwamba tulimwacha Mpelelezi kisimani. Kitabu cha mwisho tulichosoma kiliisha hivyo: wezi wamemshusha kwenye kisima kirefu, wamekata kamba, jua linazama. Kitabu kilichofuata hakikuja, kwa sababu duka halipo. Kila nikimkuta mwuza maji swali ni lilelile.

"Bado yuko chini?"

"Bado."

"Ana maji huko?"

"Sijui. Hawakuchora."

Halafu baba yake mwuza maji akaagiza. Huko kwao watu na mifugo yao walikuwa wanakusanywa mahali pamoja, ngamia hawana malisho, mikono haitoshi. Kijana arudi Tarbaj na msafara wa kwanza. Mwuza maji akaniambia jambo hilo akiwa anajaza madebe, bila kunitazama. "Nitaenda," alisema. "Lakini siwezi kwenda na mtu yuko kisimani."

Tukamwendea yule tanboi aliyekuwa akimletea adeer vitabu. Alikuwa anakula muguka kivulini mwa lori. Alitusikiliza, akacheka sana, akasema watu wanaagiza dawa na matairi, sisi tunaagiza michoro. Lakini akakubali. Msafara utakaorudi kutoka Nairobi ndio utakaolala Garissa na kuendelea Wajir asubuhi. Yaani kitabu kikija, kitakuja na lori lilelile litakalomchukua rafiki yangu. Tungekuwa na jioni moja tu.

Siku hizo za kungoja sikumbuki nilifanya nini shuleni. Nakumbuka niliukata ukucha kwa meno hadi damu. Vumbi likionekana ng'ambo ya mto, nilikuwa nje. Mara tatu lilikuwa la wanajeshi peke yao.

Malori yalifika siku ambayo nilikuwa nimeacha kutazama. Tanboi aliruka chini, akatoa kitabu ndani ya shati, kimekunjika kama ngozi. Tulikimbia nacho, sote watatu, hadi kwenye kizingiti cha duka, chini ya kufuli, maana hatukuwa na mahali pengine. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea. Nikafungua.

Mpelelezi alikuwa kisimani, kofia yake inaelea majini. Kwa hiyo maji yalikuwepo. Nilifungua mdomo nianze, na mwuza maji akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Ngoja. Shingo yake."

Tukatazama. Shingo ilikuwa tupu. Akageuza ukurasa. Wezi: tupu. Mjane: tupu. Mbwa. Akageuza hadi jalada la nyuma, bibi wa sabuni, tupu. Mkono wake ukaenda shingoni mwake mwenyewe.

"Wamewakata," alisema. "Wamefika hadi kwao."

"Si kweli," mtoto wa bucha akasema. "Hiki ni cha bandia. Tanboi ametuletea cha bandia, kimechorwa na mtu mwingine. Huyu siye."

"Ni yeye. Pua yake naijua. Wamemkata kama sisi, tena akiwa kisimani, hana hata wa kumtetea." Akasimama. "Usisome. Sitaki kusikia alivyofanywa."

Alikuwa anaondoka kweli. Alishawafungua punda. Nami niliona kwamba asubuhi atapanda lori na jambo hili kifuani, na kwamba huko anakokwenda vya kumkaa kifuani vipo tayari vya kutosha.

Ukurasa wa zamani ulikuwa mfukoni mwangu, mmoja wa zile za vikoba vya sukari. Nilikuwa natembea nao. Nikautoa nikauweka kando ya mpya. Jua la jioni liliupiga kwa ubavu, nikaona. Uzi wa Mpelelezi ulikuwa unang'aa zambarau, na mengine yote ni meusi. Mahali ambapo sukari ilikuwa imelowa jasho la mkono wa mtu, ule uzi ulikuwa umeyeyuka na kutambaa hadi kwenye kola, na kola yenyewe haikuyeyuka. Nikakumbuka vile vidole. Nikakumbuka kopo letu la maziwa nyumbani, lenye mtoto mnene anayecheka, ambaye hooyo alimchora mstari shingoni kwa ncha ya kisu siku kopo lilipoingia, kwa sababu picha ya kiumbe isiyokatwa kichwa haikai katika nyumba inayoswaliwa. Nimeliona kopo hilo tangu nizaliwe. Na adeer alikuwa akiswali pale nyuma ya pazia, pale pale vitabu vinapolala. Sisi sote watatu tulisoma duksi. Hakuna aliyewaza.

"Simama," nikasema.

Hakusimama.

"Waryaa! Simama!"

Hata punda waligeuka. Sikuwa nimewahi kumpigia mtu kelele hivyo, na sikuwa na kitabu mbele ya uso. Nikawaeleza. Nilisema vibaya, nilirudia maneno, nilianza na kopo la maziwa na mtoto wa bucha akaniuliza kopo linaingiaje hapa. Lakini nilisema yote hadi mwisho. Kwamba hawakuwahi kuwa na uzi. Kwamba ni adeer aliyewachora, mmoja mmoja, usiku kucha, hata mbwa, ili aweze kututundikia bila kuacha kuswali. Kwamba hakuna aliyemkata Mpelelezi.

Mtoto wa bucha alichukua ule ukurasa wa sukari, akalowesha kidole, akasugua. Kidole kikatoka na zambarau. Akasema tu, "Astaghfirullah," kisha akaanza kucheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka akiwa ameshindwa.

Mwuza maji hakucheka. "Kwa hiyo siku ile afande aliponiuliza," alisema, "uzi ulikuwa wa adeer."

"Ndiyo."

"Na adeer alipotuuliza, ndipo alipojua."

"Ndiyo."

Akawafunga punda tena. Kisha akakaa kwenye kizingiti, akaninyooshea kitabu.

"Una kalamu ya shule?"

Nilikuwa nayo.

"Basi mrudishie. Halafu soma."

Ndivyo tulivyosoma kitabu hicho. Kila ukurasa mtoto wa bucha aliubana usipeperuke, mimi nikachora uzi shingo kwa shingo, mwuza maji akinisahihisha, "Pinda kidogo, adeer alikuwa anapinda," halafu nasoma. Wino wangu ulikuwa wa buluu, hakuna aliyelalamika. Sauti ilikuwa imerudi yote. Watu waliokuwa wanawahi nyumbani walipunguza mwendo, wawili watatu wakasimama. Mpelelezi alikuwa ameshika jiwe kwenye ukuta wa kisima, mguu mmoja umeteleza, wezi wamesikia na wanarudi na taa, na hapo king'ora kikalia.

Zilikuwa zimebaki kurasa mbili. Watu wakatawanyika bila kuaga. Nilitaka kuzigeuza, hata nizichungulie tu. Mwuza maji alikifunga kitabu vidoleni mwangu, akakiingiza ndani ya shati.

"Unakwenda nacho?" mtoto wa bucha akalia. "Wewe hata hujui kusoma!"

"Na wewe hujui kuchunga, lakini nyama unakula." Akanigeukia. "Zilizobaki nitazikuta njiani. Walaal, nabad gelyo."

Aliniaga hivyo, akaenda na punda wake mbio, madebe matupu yakigongana. Asubuhi sikuruhusiwa kutoka hadi malori yalipokwisha ondoka.

Nilidhani nitapona nikishajua Mpelelezi yuko wapi. Sikupona. Nilichora uzi pembeni mwa daftari la hesabu. Nilipita dukani asubuhi na jioni. Nilitunga kichwani kila namna ya kutoka kisimani na zote zilikuwa za kijinga.

Juzi hooyo alinituma maini. Pale bucha, kwenye benchi letu, alikuwa amekaa mchungaji aliyeleta mbuzi kutoka upande wa Wajir, vumbi hadi kwenye kope. Wamempa chai, na mwenye bucha akamwuliza kama desturi, "Warran?" Mtu akiulizwa hivyo hutoa habari zote, kwa mpango wake, na hakatizwi. Akaanza na mvua: hakuna. Mifugo: imebanwa mahali pamoja, inakufa. Waliokufa wa watu, akawataja. Waliooa. Waliozaliwa. Akanywa chai.

"Na yule mtu wa kisimani," akasema, "ametoka."

Watu wazima wakaitikia alhamdulillahi, bila kujua ni nani. Mtoto wa bucha akaacha kisu hewani, akanitazama. Mimi nilikuwa mlangoni, nyuma ya kila mtu, mahali pangu pa kawaida.

"Alitokaje?" nikauliza. Wazee wote wakageuka.

"Alifungua uzi wa shingoni. Wezi hawakujua urefu wake. Ulizunguka mara nyingi. Akautupa juu, ukashika gogo."

"Nani aliwasomea?"

"Kusoma? Hakuna mwenye kusoma kule. Kuna kijana mrefu, mchunga ngamia, ana kitabu kifuani. Jioni anatuonyesha picha na anatuambia." Akanitazama vizuri, kuanzia sare ya shule. "Wewe ndiye wa sekondari? Anakusalimu. Anasema kitabu kimekwisha, wamekirudia hadi kimechanika. Anauliza habari za mbele. Kesho narudi. Nimwambie nini?"

Hapakuwa na habari za mbele. Hapana duka, hapana tanboi, hapana ukurasa wowote. Mtoto wa bucha alilisogeza karai la matumbo kwa mguu, nafasi ikapatikana kwenye benchi, kati ya mchungaji na mzee mmoja mwenye kikohozi. Nilikuwa bado nimeshika sufuria ya maini.

Nikakaa.

"Alipotoka," nikasema, "jua lilikuwa limekwisha kuzama, na wale wezi walikuwa wamemchukua mbwa."